Muhuri wa Baruku kwa Shekeli Mia na Ishirini

Nilidhani matapeli wote wamesomea Kariakoo, kumbe chuo chenyewe kiko Yerusalemu. "Jambo, rafiki! Tanzania?" Mwenye duka Mji Mkongwe akafunua pamba, ndani kidonge cha udongo chenye Kiebrania. Muhuri wa Baruku, mwandishi wa Yeremia! Shekeli mia mbili. Tukavutana hadi mia na ishirini, nikatoka kifua mbele, mimi niliyenuna asubuhi nzima kwa chupa ya maji ya shekeli kumi.

Kesho yake kundi letu la kanisa tukashuka Mji wa Daudi, magofu ya Yerusalemu ya kale. Kwenye mteremko ule wa magofu, kiongozi alituambia, mwaka 1982 kikosi cha mwanaakiolojia Yigal Shiloh kilikuta mihuri 51 ya udongo katika nyumba moja, midogo kama kucha. Hati ya mafunjo ilikunjwa, ikafungwa uzi, fundo likabandikwa udongo mbichi na kugongwa muhuri, kama lakiri kwenye bahasha za mitihani. Wababeli walipouchoma mji mwaka 586 K.K., hati ziliteketea, udongo ukaiva. Mmoja unasomeka: Gemaria mwana wa Shafani. Mchungaji akafungua Yeremia 36 pale pale juani. Gemaria ni mmoja wa watatu waliomsihi mfalme Yehoyakimu asilichome gombo la nabii. Mfalme akalikata kwa kisu, akalitupa motoni. Na jina la Gemaria limetufikia kwa sababu ya moto! Mwili ulinisisimka.

Nikatoa changu kwa madaha. Kiongozi akakigeuza.

"Ndugu yangu, wa kweli mgongoni una alama za nyuzi za mafunjo na mfuo wa uzi. Huu haujawahi kufunga kitu."

Akanipoza: hata muhuri maarufu wa Baruku ulioibukia kwa wauza vya kale miaka ya 1970, si kwenye uchimbaji, uliwahadaa maprofesa mpaka uchunguzi wa 2014 ulipousema kuwa wa kughushi.

Nikakumbuka kijijini kwetu. Mwenyekiti hutembea na muhuri mfukoni mwa shati na haugongi bila "ya soda", lakini kuna kijana alichonga wake kwa soli ya kandambili, shamba moja likauzwa mara mbili.

Uwanja wa ndege, mkaguzi akakishika kidonge. Vya kale havitoki nchini bila kibali. Sijawahi kuipigania hasara yangu namna ile: niliapa kwa mikono miwili kwamba ni feki.