Wazee wa uThulwana wamekamilika

Jana usiku nimemaliza kupaka rangi ngao ya mwisho ya visanamu vyangu vya Wazulu. Ziko 60, nimezihesabu mara mbili, nikazipanga zote mezani halafu nikakaa tu naziangalia kama saa zima hivi, maana hili jeshi nimelianza mwaka na nusu uliopita na kuna kipindi niliona kabisa litabaki kwenye boksi.

Kwa ambao hamjui, nacheza vita vya mezani, vile vya visanamu vya milimita 28, vinakuja vya plastiki vimeshikana kwenye fremu, unavikata, unavibandika gundi, unavipaka rangi, kisha unapigana na mwenzio kwa dadu na tepu ya kupimia. Wengi wanachagua jeshi kwa kuangalia lipi lina nguvu kwenye sheria. Mi nilitaka jeshi lenye habari yake, nikachukua Wazulu wa vita vya 1879 na Waingereza, na sio Wazulu jumla jumla, nikachukua ibutho moja tu, yaani rika moja la askari walioandikishwa pamoja. uThulwana.

Kwa nini hao? Ukisikia watu wanasimulia pigano la Isandlwana, tarehe 22 Januari 1879, utasikia kifua na pembe, ile mbinu ambayo kifua kinamkaba adui mbele na pembe mbili zinamzunguka. Kiuno, wale wa akiba waliokaa nyuma, wanatajwa juu juu tu. uThulwana walikuwa huko. Watu wazima, wa miaka 40 na ushee, wenye wake na watoto, na mfalme Cetshwayo mwenyewe ujanani aliandikishwa kwenye ibutho hilohilo. Siku ile kambi ya Waingereza ikavunjwa na vijana, wao wakapita pembeni tu wakavuka mto, na alasiri wakiwa na Dabulamanzi, ndugu yake mfalme, wakaishambulia Rorke's Drift, kituo kidogo cha Waingereza ng'ambo ya mto, wakati mfalme alishakataza watu wasivuke kuingia Natal, koloni la Waingereza. Hebu fikiria, mtu mzima anayeijua amri vizuri, lakini vijana wote wameshaosha mikuki kwa damu ya adui yeye bado, akavuka. Hapo ndo waliponishika na hawajaniachia mpaka leo.

Sasa kazi ikaja kwenye vichwa. Mzulu aliyeruhusiwa na mfalme kuoa alivaa isicoco, pete nyeusi inayoshonewa kwenye nywele zenyewe halafu inang'arishwa, na visanamu vyangu vingi vilikuja na vichwa vya vijana, vitupu. Ningeviacha hakuna mtu angegundua, ila mi ningejua. Basi nikachukua puti ile ya rangi mbili, ya njano na ya bluu, unaikanda inakuwa kijani, unaisokota chini ya kidole hadi inakuwa kauzi kembamba kama tambi, unakata kipande, unakizungushia kichwa ambacho ni kidogo kuliko punje ya njegere, unakikandamiza kwa ncha ya sindano iliyoloweshwa maji isigande. Vichwa 41 nimefanya hivyo, vitano vitano kila usiku kwa sababu puti ikishaanza kukauka haikusikilizi tena. Ikikauka unapaka nyeusi, halafu tone moja la vanishi ya kung'aa juu yake, na hapo sura inageuka kabisa, unaona huyu ni baba wa watu.

Ngao nazo sio mchezo. Rika la wakubwa walikuwa na ngao nyeupe, vijana za giza, japo kufikia 1879 utaratibu huo ulikuwa umelegea, kwa hiyo nikajiruhusu madoa machache ya kahawia. Ushauri wangu, usianze na nyeupe tupu, itakuwa kama chokaa ukutani. Anza na kijivu chenye unjano kidogo, rangi iwe nyepesi umeichanganya na maji, tabaka la kwanza linatisha kwa kweli, la tatu ndo unaanza kuona ngozi ya ng'ombe. Zile amagabelo, vipande vya ngozi vinavyopitishwa katikati ya ngao kwa safu mbili, nimezichora kimoja kimoja kwa brashi ndogo kabisa niliyonayo. Manyoya ya sherehe sikuweka, sehemu kubwa ya mapambo yale waliyaacha nyumbani wakienda vitani.

Uwanjani tumeshacheza mara nne, nimepoteza tatu. Jamaa ninayecheza naye ndiye Waingereza wa Rorke's Drift, amejenga ukuta wa magunia ya mahindi na masanduku ya biskuti kama ulivyokuwa wenyewe, na Martini-Henry zake, bunduki za Waingereza, zikianza kupiga, aisee, mechi ya kwanza nilikwenda nao moja kwa moja kama nyumbu, visanamu 20 viliondoka mezani kwa raundi mbili. Ananiambia niongeze kikosi cha vijana maana wana mbio zaidi. Sitaki. Wakiingia vijana hii haitakuwa uThulwana tena, itakuwa jeshi lolote tu. Mechi ya nne nikapandisha kumi wenye bunduki zile kuukuu juu ya mlima Shiyane ulio nyuma ya kituo, hawalengi vizuri lakini waliwafanya watu wake wainame, na wengine nikawapitisha upande wa hospitali yenye paa la nyasi, huko ukuta wake ni mfupi. Dadu ya mwisho ikatoka sita, wazee wangu wakaruka magunia, na mwenzangu akasimama akanipa mkono kabla hata hatujahesabu.

Kilichobaki ni Dabulamanzi. Nimempanga juu ya farasi, yeye tayari nimempaka, isicoco na kila kitu, farasi ndo bado ana praima tu, ile rangi ya chini. Leo usiku naanza na miguu.