Nusu saa ya Alhamisi wodini kwetu

Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya wanawake katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Tanzania. Vikao tulikuwa navyo, ila vyote vya dawa zilizoisha na ratiba ya zamu. Yale ambayo muuguzi anaondoka nayo kwenda nyumbani hayakuwa na pa kusemewa: ndugu wanaotaka mgonjwa afichwe ugonjwa wake, mama aliyeruhusiwa lakini bili haijalipwa, mume anayeng'ang'ania majibu ya mkewe. Mwanafalsafa wa maadili ya uuguzi, Andrew Jameton, aliieleza hali hii mwaka 1984: unajua lililo sahihi, mazingira yanakuzuia kulitenda.

Nikaomba nusu saa ya kuyazungumza hayo kila Alhamisi, baada ya makabidhiano ya zamu ya mchana. Nilitumia mzunguko wa Gibbs wa 1988, yaani maswali ya kulitafakari tukio hatua kwa hatua: nini kilitokea, ulijisikiaje, kipi kilikwenda sawa na kipi hakikwenda, kwa nini, ungeweza kufanya nini kingine, safari ijayo utafanyaje. Jina la mgonjwa halitajwi, na linalosemwa pale haliingii kwenye tathmini ya utendaji. Hilo la pili ndilo lililofungua vinywa, maana mwanzoni walikaa kimya wakidhani anatafutwa mkosaji.

Siku moja muuguzi mgeni kazini akasimulia. Bibi mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Mwanawe mkubwa amekataza mama asiambiwe. Usiku, akimpima presha, bibi akamshika mkono: "Mwanangu, mimi naumwa nini?" Akamjibu kwamba daktari atakuja asubuhi, akaondoka na mashine yake, vipimo hata hakuviandika. Alilia akisimulia. Sista mmoja wa siku nyingi akamwambia, "Mdogo wangu, hata mimi yamenikuta, na sikuwahi kumwambia mtu."

Tulikaa sana hapo. Bibi ana haki ya kujua. Kijana naye anamhurumia mama yake, hana nia mbaya. Sikutoa uamuzi. Niliuliza tu: bibi mwenyewe angependa aambiwe mbele ya nani? Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kesho yake wakamuuliza, yeye muuguzi pamoja na daktari. Alimtaka mwanawe awepo, na mdogo wake wa Moshi apigiwe simu.

Swali hilo sasa tunaliuliza siku ya kumpokea mgonjwa, kabla ndugu hawajatuvuta pembeni. La bili bado linatuumiza; afisa ustawi wa jamii amekubali kukaa nasi Alhamisi ijayo, na wa zamu ya usiku nao wanadai kikao chao.