Bata wa barabara ya tisa

Mwaka 1998, nikisubiri matokeo ya darasa la saba, nilipelekwa Ngamiani kwa Ami, fundi baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo kazi haikukatika. Yangu ilikuwa kuosha cheni. Za watu wa mashamba ya mkonge zilikuja na udongo mwekundu ulioshikana na grisi. Za wavuvi, kutu tupu.

Ami alitumia mafuta ya taa. Mimi niliona yanachelewesha, maana petroli ukiitia tu uchafu unakimbia wenyewe. Siku moja Ami kaenda kuswali Adhuhuri, nikanunua chupa ya petroli, nikatia nusu kwenye kopo, nikaosha cheni tatu. Hatua chache pembeni paliwaka jiko la mkaa la muuza mihogo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka ukutane na moto. Upepo wa bahari tu ndio ulioniokoa. Lile jeusi lililobaki nikalimwaga mtaroni.

Haikupita nusu saa, Bi Mkubwa wa jirani akaja kamshika bata mbawa zote mbili. Juu mweupe, tumbo jeusi. Akamweka kwenye benchi katikati ya spana.

"Fundi, na huyu mfulie."

Ami akanusa kopo, akanitazama. Hakusema neno. Heri angenipiga.

Nikamwosha bata kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, mara tatu, huku ananidonoa. Manyoya yakiingia mafuta hayazuii maji tena. Bata analowa mpaka ngozi. Alitetemeka mikononi mwangu kama mtu mwenye homa. Sikuwa najua kuwa bata hutetemeka.

Jioni Ami alinionyesha anavyofanya yeye. Mafuta ya taa machafu anayatia kwenye chupa, shingoni kaifunga kitambaa chekundu mtoto asije akadhani maji. Asubuhi tope limelala chini, juu meupe. Ya juu unayamimina taratibu, unaoshea tena. Tope likijaa linapelekwa gereji kwenye pipa la oili chafu. Yenye petroli hawapokei, pipa zima linaweza kushika moto.

Nusu chupa iliyobaki Ami alimpa mwenye pikipiki. Bata alifungiwa uani siku nne, na pumba zake nilinunua mimi.