Gawanyeni maji kwa lita, si kwa saa

Kwenye bustani za pamoja za Lubumbashi, ugomvi wa maji huanza mwezi wa nane. Mwezi wa tano visima bado vimejaa na kila mtu anajaza arozwari (ndoo ya kumwagilia) yake anavyotaka. Ikifika mwezi wa nane, mwenye matuta karibu na kisima anavuna lengalenga (mchicha) na shu (kabichi), mwenye matuta ya mwisho anatazama udongo ukipasuka, na mkutano wa Jumapili unageuka makelele. Hapo kamati nyingi hukimbilia zamu za saa: huyu saa moja, yule saa moja. Si haki hata kidogo. Anayechota alfajiri anakuta kisima kimejaa, anayechota saa nne anakwangua matope. Robine (koki ya maji) iliyo chini ya tanki inajaza arozwari haraka, ile iliyo mita 60 mbali inatoa uzi wa maji. Kinachogawanywa ni maji, kwa hiyo kipimwe maji.

Anzeni na mahitaji. Milimita moja ya maji juu ya mita mraba moja ni lita moja, basi hesabu si ngumu. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikiwepo, kadirieni lita 4 kwa mita mraba kwa siku. Mwezi wa tisa na wa kumi, jua likiwa kali na upepo mkavu, kadirieni lita 6. Tuta la upana wa mita 1 na sentimita 20 na urefu wa mita 10 lina mita mraba 12: linahitaji lita 48 kipindi cha baridi na lita 72 kipindi cha joto. Ni arozwari 5 za lita 10, kisha 7. Chukueni bustani ya jamaa (familia) 20, kila jamaa matuta 8. Ni matuta 160, yaani lita 7,680 kwa siku mwezi wa saba na lita 11,520 mwezi wa kumi. Hizo lita karibu 4,000 za ziada ndizo zinazoleta vita, maana zinadaiwa wakati uleule kisima kinaposhuka.

Udongo nao una neno lake. Udongo mwekundu wenye mfinyanzi unashika maji, kwa hiyo nyanya na vitunguu vilivyokwisha kushika mizizi vinaweza kupewa kipimo cha siku mbili kwa mara moja, siku ya pili vipumzike. Miche midogo ni tofauti: mizizi yake iko juu juu, inataka kidogo asubuhi na kidogo jioni. Kabla ya kumwagilia, chimba kwa kidole au kijiti hadi sentimita 10. Kukiwa na unyevu unaoshikana mkononi, tuta hilo lisubiri. Watu wengi wanamwagilia kwa kutazama rangi ya juu ya udongo, na hapo maji mengi yanapotea.

Sasa kisima. Kipimwe mwisho wa mwezi wa tisa au mwezi wa kumi, maji yakiwa chini kabisa. Kisima kilichopimwa mwezi wa tano kinadanganya, na kilichochimbwa mwezi wa tano ni kibaya zaidi: wachimbaji wanakuta maji mapema, wanafurahi, wanasimama, na mwezi wa tisa shimo ni kavu. Kuchimba au kuongeza kina kufanywe kabla tu ya mvua za mwezi wa kumi na moja.

Kipimo chenyewe ni hiki. Kisima cha duara chenye kipenyo cha mita 1 kina karibu lita 78 katika kila sentimita 10 za kimo. Fungeni jiwe kwenye kamba yenye fundo kila sentimita 10. Vuteni maji yashuke mita moja, simamisheni pompa, angalieni saa. Yakipanda sentimita 10 za kwanza kwa dakika 6, kisima kinaleta karibu lita 780 kwa saa. Endeleeni kupima, mtaona kila sentimita 10 zinachukua muda mrefu kuliko zilizopita. Sababu ni kwamba maji huingia kwa nguvu ya tofauti kati ya kimo cha ndani na kimo cha maji yaliyo udongoni. Tofauti ikipungua, maji yanaingia polepole, na kisima kikijaa hakiingizi kitu.

Hapo ndipo bustani nyingi zinapoteza maji mengi. Kisima kinajaa saa nne za usiku, halafu kinakaa bure hadi alfajiri. Mkivuta kidogo kidogo mara nyingi, kimo kikibaki chini kiasi, mnapata lita nyingi zaidi kwa siku kuliko mkingoja kijae ndipo mkikaushe. Kwa hiyo tanki si anasa. Kisima chetu cha mfano, kikivutwa kwa muda wa saa 12, lita 780 kila saa, kinatoa lita 9,360. Mahitaji ya mwezi wa kumi ni 11,520. Haitoshi, na hakuna zamu itakayoifanya itoshe. Kila jamaa ibaki na matuta 6, yaani matuta 120 na lita 8,640, hapo inatosha na akiba kidogo. Ukweli huo wanachama waambiwe mwezi wa nne, kabla ya mbegu kuingia udongoni. Kumnyima mama maji wakati nyanya zake zimeshika matunda ni kumharibia msimu mzima.

Kuhusu pompa, kuna jambo la hapa kwetu ambalo wauzaji hawasemi. Motopompa ndogo ya petroli mara nyingi huandikwa kwamba inavuta maji kutoka mita 8. Kipimo hicho ni cha usawa wa bahari. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu, na ni uzito wa hewa ndio unaosukuma maji yapande kwenye tiyo (bomba) ya kuvutia. Huku uzito huo umepungua kwa zaidi ya mita moja ya maji. Hesabuni mita 6, zikipimwa kutoka pompa hadi uso wa maji wa mwezi wa kumi. Zaidi ya hapo itanguruma tu.

Maji yakiwa chini zaidi, wengine wanaishusha motopompa ndani ya shimo. Msifanye hivyo kamwe, hata kwa dakika tano. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inajaa shimoni na kumwangusha mtu kabla hajaita, na anayeshuka kumwokoa anaanguka juu yake. Kisima kirefu kinataka pompa ya umeme inayozamishwa. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukiwa unakatika, sahani za jua zinafaa, tena zinakubaliana vizuri na kisima kinachojaa polepole: pompa ndogo inavuta kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni, na maji yanangoja tankini. Kwenye bonde la mto, maji yakiwa mita 3 au 4 chini, pompa ya kukanyaga kwa miguu inatosha na haidai petroli.

Motopompa ikikataa kuleta maji, msikimbilie kufungua injini. Jazeni tiyo ya kuvutia maji hadi juu, ngojeni dakika 10. Yakishuka, klape (vali) ya chini haifungi: ina jani au mchanga mdomoni, au mpira wake umekwisha. Yakisimama lakini pompa inatoa maji yenye mapovu, hewa inaingia kwenye kiungo. Pakeni povu la sabuni kwenye kila kiungo pompa ikifanya kazi. Povu linalomezwa linaonyesha tundu. Tiyo ya kuvutia iwe ngumu yenye waya au mbavu, laini hunywea na kujifunga. Klape ikae sentimita 30 kutoka chini ili isile matope. Kamati iwe na klape moja ya akiba, kolie (vikaza tiyo) nne na mipira ya viungo, maana vitu hivyo hukwisha siku ambayo maduka yamefungwa.

Matanki ya plastiki ya lita 1,000 yenye kizimba cha chuma yamejaa mjini, pamoja na mapipa ya lita 200. Lazima mjue yalibeba nini. Huu ni mji wa migodi na viwanda, na mengi yalileta asidi au dawa za kusafishia madini. Tanki lisilo na lebo, au ambalo muuzaji hajui historia yake, liacheni hata likiwa rahisi. Kuosha hakutoshi, plastiki inanyonya. Chagueni lililobeba mafuta ya kula au sharubati. Lifunikeni au lipakeni rangi nyeusi, kwani mwanga ukipenya, ndani kunaota ukungu wa kijani unaoziba robine. Likijaa lina uzito wa tani moja, kwa hiyo jukwaa lijengwe kwa matofali ya kuchoma na simenti juu ya msingi uliochimbwa. Jukwaa la mbao linaliwa na mchwa.

Jukwaa la mita moja na nusu linatoa msukumo mdogo, na hapo unene wa tiyo unaamua kila kitu. Kwa mita 50 za tiyo ya milimita 25, arozwari ya lita 10 inajaa kwa karibu dakika moja. Kwa tiyo ya milimita 32, chini ya nusu dakika. Watu 20 wakiwa wamepanga mstari, tofauti hiyo ni asubuhi nzima. Afadhali tiyo nene na robine chache kuliko tiyo nyembamba yenye robine kila kona.

Na bora kuliko robine ni visima vidogo vya kuchotea: beseni za matofali za mita moja kwa mita moja, kina sentimita 60, zenye lita 500 zikiachwa sentimita 10 juu. Lipu ni simenti moja kwa mchanga tatu, mapako mawili, ikilindwa na unyevu siku 7. Mtu anatumbukiza arozwari mbili kwa pamoja na kuondoka bila kungoja. Zipangwe ili hakuna tuta lililo mbali zaidi ya mita 25, maana kazi kubwa ya umwagiliaji ni kubeba. Zikiwa kwenye usawa mmoja, ziunganisheni chini kwa tiyo ya milimita 50, maji yajisawazishe yenyewe. Kwenye mteremko, beseni ya chini iwekewe floteri (boya linalofunga maji beseni ikijaa), la sivyo itafurika huku ya juu ikikauka. Kila moja iwe na kifuniko kwa ajili ya watoto, na isuguliwe mara moja kwa wiki. Kiluwiluwi cha mbu kinahitaji karibu wiki moja kuwa mbu.

Bustani iliyounganishwa na REGIDESO, shirika la maji ya bomba, ijazwe usiku, msukumo ukiwepo, kwa floteri. Mdomo wa tiyo ubaki juu ya ukingo wa beseni kwa upana wa kiganja. Ukizama, siku msukumo unapokatika, maji machafu ya beseni yananyonywa na kurudi kwenye tiyo za jirani.

Kugawanya sasa ni rahisi. Chagueni kimo kimoja cha arozwari na kichorwe kwa rangi, kwa sababu arozwari ya lita 10 na ya lita 15 zikihesabiwa sawa, ugomvi unarudi. Kila jamaa ina idadi yake kwa siku kulingana na matuta, na mlinzi wa zamu anachora mstari kwenye daftari kwa kila mchoto. Petroli ilipwe kwa mistari hiyo hiyo. Zamu ya kuanza izunguke, wa kwanza wiki hii awe wa mwisho wiki ijayo. Kukiwa na kompteri (mita ya maji), isomwe jioni baada ya robine kufungwa na alfajiri kabla hazijafunguliwa. Namba ikisogea usiku, kuna tiyo inayovuja au mkono unaochota. Watu wasishukiwe kabla mstari wote haujatembelewa.

Wanaochota mtoni, iwe Lubumbashi, Kafubu au Naviundu, wana swali jingine. Mto uliokwisha kupita kiwanda au mgodi unaweza kubeba shaba, kobalti na kadmiamu, na macho hayaoni. Mwongozo wa FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, wa maji ya kumwagilia unaweka kikomo cha shaba miligramu 0.2 kwa lita, kobalti 0.05 na kadmiamu 0.01. Maabara pekee ndiyo inajua, na gharama ya kipimo kimoja ikigawanywa kwa jamaa 20 inabebeka. Mboga za majani hukusanya metali kuliko matunda kama nyanya, kwa hiyo maji yenye shaka yasiende kwenye lengalenga. Kuna pia kipindupindu. Maji ya mto yamwagwe kwenye shina, siyo kwenye majani, na mboga zisifufuliwe mtoni njiani kwenda sokoni. Kisima kikae mita 30 au zaidi kutoka choo, na upande wa juu wa mteremko.

Mvua za kwanza zikinyesha, majaruba yaliyochimbwa chini kidogo ili kushika maji ya kiangazi yageuzwe matuta yaliyoinuliwa, la sivyo mizizi itaoza. Motopompa iliyokaa bondeni ipandishwe mapema, mto haupigi hodi. Mwageni petroli iliyobaki, acheni injini izimike yenyewe, mwageni maji ya ndani ya pompa, ning'inizeni tiyo kivulini. Klape ifunguliwe na kuoshwa siku hiyo hiyo, kabla matope hayajakauka juu ya mpira.