Simama nje ya mlango wa mpangaji wako

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tusome Kumbukumbu la Torati 24:10-13. Ni maagizo kwa mtu anayedai. Ukimkopesha mwenzako, usiingie ndani kwake kuchukua rehani. Simama nje, akuletee mwenyewe. Na kama ni maskini, na rehani yenyewe ndiyo nguo anayojifunika, mrudishie jua linapozama apate kulala.

Nimelichagua andiko hili kwa sababu wengi wetu sasa ni wenye nyumba. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, waumini kibao wamejenga vyumba vya kupangisha, Nkuhungu, Ilazo, Nzuguni, mpaka Iyumbu kwa ajili ya wanafunzi wa UDOM. Wengine wamejenga kwa mkopo wa benki, na benki haisubiri.

Mpangaji msumbufu tunamjua. Kodi imeisha, simu haipokelewi. Anaingia saa sita usiku, anatoka kabla hujafungua geti. Kwenye bili ya maji, yeye ndiye anayefua kuliko wote na ndiye wa mwisho kuchanga. Mkikutana kanisani anakuwahi: "Bwana asifiwe, mzee! Ijumaa hii." Ijumaa ya mwezi gani, hasemi. Hasira zinapanda, na fundi wa kung'oa mlango hakosekani mtaani. Mwingine anatia kufuli lake juu ya kufuli la mpangaji, mwingine anakata umeme, mwingine anatoa godoro na masufuria uani majirani wakitazama.

Hapo ndipo andiko linasema simama nje. Halijasema deni lifutwe. Mdai ana haki yake, na Paulo anawaambia Warumi wasiwiwe na mtu kitu chochote (13:8), kwa hiyo mpangaji aliyeokoka naye asijifiche nyuma ya neema. Kilichokatazwa ni kuvuka kizingiti. Nyumba ni yako, lakini maadamu mtu amepanga, mle ndani ni kwake. Kanga iliyotundikwa kwenye kamba na madaftari ya watoto si vyako kuvishika. Na blanketi unalotaka kulizuia mpaka alipe, kwa baridi hii ya Julai ya Dodoma, watoto wake watajifunika nini?

Kudai ukiwa nje kuna njia zake: mkataba wa maandishi tangu siku anayohamia, barua ya notisi, mwenyekiti wa mtaa, usuluhishi wa baraza la kata, ikishindikana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Inachelewa, na inauma. Bado ndiyo njia.

Tena tukiwa kwenye kudaiana, tujikague na sisi. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Mpangaji akinunua umeme wa mita yako, analipa kodi ambayo ni wajibu wako wewe mmiliki. Wangapi tumewahi kumpunguzia kiasi hicho kwenye pango? Ni pesa ndogo kwa mwezi, sawa, lakini ni yake, na hatujawahi hata kuitaja.

Kwa hiyo ukienda kumdai wiki hii, nenda mchana, ukae barazani, na hiyo ya LUKU uitoe kwenye deni kwanza, yeye akiona.