Teki ya tisa

Mhariri alisimamisha picha, akairudisha nyuma kidogo, akaiachia tena. Akarudia hivyo mara tatu bila kusema neno, mimi nikadhani anatafuta pa kukatia.

"Kaka, hebu jiangalie mdomo," akasema mwishowe.

Nikajiangalia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti mbele ya Mzee aliyeigiza baba yangu, na Mzee alikuwa anaongea. Katika shoti ile kazi yangu ilikuwa moja tu, kumsikiliza. Lakini midomo yangu ilikuwa inacheza. Si sana, ungedhani nahangaika na kitu kilichonasa kwenye jino. Mhariri akapunguza mwendo, akawa anapita fremu moja moja, na kwa kuwa sekunde moja ya filamu ina fremu 24, aibu ile ilinijia polepole sana. Mzee akifungua kinywa kusema "nilikuwa", nami nafungua. Akifumba, nafumba. Kuna mahali nilimtangulia kabisa.

"Teki zote ziko hivi?" nikauliza. Shoti ile tulikuwa tumeipiga mara nyingi, na kila mara ni teki moja.

"Bado sijaziona zote," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaziona karibu zote.

Ilikuwa filamu yangu ndefu ya kwanza. Skripti niliiandika kwa miaka miwili, nikaiongoza mwenyewe, na nafasi ya mtoto wa kiume nikaichukua mwenyewe. Watu niliwaambia kwamba hela ya kumlipa mwigizaji mwingine haikuwepo. Hiyo ni kweli, ila nafasi ile niliitaka tangu ukurasa wa kwanza. Bajeti yenyewe ilitoka kwenye kuigiza kazi za wenzangu: katika tamthilia za watu nimekuwa askari, nimekuwa daktari, nimekufa mara nne. Kila nikifa, nanunua siku mbili za kukodi kamera.

Mfano wangu alikuwa John Cassavetes. Miaka ya 1960, kule Marekani, mtu anaigiza kwenye filamu za studio kubwa, na ujira wake anaumwagia kwenye filamu zake mwenyewe. Faces, iliyotoka 1968, sehemu kubwa aliipigia nyumbani kwake, na uhariri wake ukachukua miaka. Hayo yote niliyasoma na kalamu mkononi. Kitu kimoja sikukipigia mstari: kwenye Faces Cassavetes hakujipa nafasi ya kuigiza. Alibaki nyuma ya kamera.

Sini yenyewe ni hii. Mtoto anarudi baada ya miaka mingi kumuuliza baba yake kwa nini hakuja kwenye mazishi ya mama. Baba anajieleza. Maelezo yale yalijaza ukurasa mzima na robo, na nilijivunia kila koma. Tulikuwa na kamera moja, dirisha moja, na Mzee tulipewa naye siku moja tu. Asubuhi tukapiga upande wake, asije akachoka kabla sijaupata uso wake. Mchana tukageuza kamera ikanitazama mimi, juu ya bega lake, yeye anaonekana kisogo na sikio.

Teki kumi na moja. Kila tukikata namwuliza mwongozaji msaidizi, "Vipi?" naye anajibu, "Iko poa." Kurudia kutazama hatukurudia, jua lilikuwa linahama dirishani na betri zilikuwa zinaisha. Hata tungetazama, kwenye kile kioo chetu kidogo cha kamera usingeuona mdomo. Jerry Lewis, mchekeshaji wa Kimarekani, tatizo hili alilijua mapema: mwaka 1960, alipoongoza na kuigiza The Bellboy, aliweka kamera ya video pamoja na ile ya filamu ili aweze kujiona papo hapo. Mimi nilikuwa na "iko poa". Baadaye nilimbana yule msaidizi, akakiri kwamba aliiona midomo ikitembea. "Nikajua ndiyo uigizaji," akasema. "Nilidhani kijana anasali."

Kwa nini ilitembea, sikuhitaji kuambiwa. Nikiigiza kwa mtu mwingine, najua maneno yangu na mwisho wa yale yanayonitangulia, basi. Pale nilijua ya wote. Tena sikuwa namsikiliza Mzee hata kidogo; nilikuwa namkagua kama ameyasema nilivyoyaandika.

Na teki ya tisa alikuwa ameyasahau. Nilimwuliza swali langu, akaniangalia, akanyamaza. Nikasubiri. Akaendelea kunyamaza. Halafu akasema, kama mtu anayeongea na sakafu, "Nilifika. Nikakaa ndani ya gari mpaka watu wakaondoka."

Kwenye skripti yangu baba hakufika. Alikuwa mgonjwa, mbali sana. Ndiyo hadithi yote ilipoegemea. Nikapiga kelele "Kata!" kabla hata hajamaliza, kisha nikamwambia mbele ya watu wote kwamba kama hakuyashika maneno angesema mapema, maana muda si wangu peke yangu. Mtu mwenye umri wa baba yangu, ameigiza jukwaani tangu sijazaliwa. Alichojibu ni, "Samahani, mwongozaji." Mpaka saa ile alikuwa ananiita mwanangu.

Sasa mhariri akafungua teki hiyo. Kwenye daftari niliandika kwa mkono wangu: mbovu.

Uso wangu ulikuwa umetulia. Sekunde kumi na moja za kimya, tulizihesabu, na katika kimya hicho kuna mtu anayesubiri jibu asilolijua. Alipotaja gari kope zangu zilipiga mara moja, mdomo haukufanya kitu. Kwa mchana mzima, hicho ndicho kipande pekee ambacho nilikuwa nasikiliza. Kisha mdomo unafunguka: "Kata!"

"Hiki hapa ndicho tulichonacho," alisema mhariri.

Nilibisha siku mbili. Ukikitumia hicho, hadithi inageuka: baba aliyekuwa mgonjwa anakuwa baba aliyeogopa kushuka kwenye gari. Shoti nzuri za asubuhi, za uso wa Mzee, hazifai tena kwa sababu humo anasema maneno yangu. Sini ya shangazi, niliyoipenda kuliko zote, inatoka nzima. Ikatoka. Mhariri akatafuta shoti ya mikono ya Mzee ikiwa juu ya magoti, akaiweka palepale kabla mdomo wangu haujafunguka. Picha ikapona. Sauti haikupona: "wakaondoka" yake ilikuwa imelaliwa na "Kata" yangu.

Ilibidi nimpigie.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Nikamweleza kwamba namhitaji studio, nusu saa tu, kuna sentensi moja ya kurekodi upya. Akaniuliza ipi. Nikamtajia.

"Ile niliyokosea?"

"Ndiyo, Mzee. Mimi ndiye niliyekosa siku ile. Naomba unisamehe."

Akakaa kimya, na safari hii nikajua kunyamaza. "Utanichezea niisikie," alisema, "maana sikumbuki hata niliitoa wapi."

Alikuja mapema kuliko sote. Akavaa visikilizio, akajitazama kisogo chake kwenye skrini, akaisikiliza sentensi yake mara nyingi, ameinamisha kichwa, kama anasikiliza mtu mwingine. Mimi nilikaa upande wa pili wa kioo cha studio na mhariri, nimeahidi kutofungua mdomo. Mara ya kwanza ilikuja kubwa mno. Ya pili alikwama katikati, akaomba maji.

Ya tatu ilikuja vilevile kama siku ile, chini, kwa sakafu. Nilifumba macho nipate kuisikia vizuri. Ndipo mhariri akanigusa bega. Nilipofumbua macho, alikuwa amenyoosha kidole kwenye kioo, kwenye kivuli cha uso wangu mwenyewe, na midomo yangu ilikuwa ndiyo kwanza inamalizia "wakaondoka".