Siku moja maishani mwangu: foku na breki za Honda ya mwaka 1972

Wapitao karakana yangu hapa Majengo, Mombasa, hunikuta nimekaa kwenye kibao, gurudumu mapajani, na swali lao ni lile lile: "Fundi, hii bado tu?" Basi nimeandika siku ya jana, tangu asubuhi hadi nilipofunga mlango, ili anayeuliza aone saa huenda wapi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chai ya mkandaa, mahamri na mbaazi, kufagia, kutoa nje bodaboda zilizolala ndani, kuziba pancha ya kijana aliyekuwa na haraka ya kwenda Kongowea. Kila siku ni hivyo.

Saa mbili. Kazi yenyewe. Pikipiki ya Honda CB350, silinda mbili, ujazo wa cc 325, ya mwaka 1972. Honda waliitengeneza kuanzia 1968 hadi 1973, na mbele ina breki ya ngoma. Mwenyewe ni mzee wa Ganjoni, mstaafu wa bandarini, na tangi lake analipangusa kwa mkono wake mwenyewe. Alitaka mbele kufanywe upya: foku, yaani miguu miwili yenye springi inayoshika gurudumu la mbele, zifufuliwe, na ngoma iipishe diski. Vifaa amevipata vya Honda ya miaka iliyofuata, gurudumu na diski yake, kalipa (kibano chenye pedi zinazoibana diski), masta silinda (pampu ya mafuta ya breki iliyo kwenye leva) na bomba za foku za milimita 33 kama zake za zamani. Hilo la milimita 33 lilinifurahisha, maana vishikizo vya foku vya asili vinabaki pale pale na fremu haiguswi.

Ngoma ya pikipiki hii isidharauliwe. Shuu zake mbili, zile zinazoikandamiza ngoma kwa ndani, zote zinaongoza, yaani gurudumu likizunguka mbele linazivuta zijikaze zaidi, na ukiibana mara moja inasimama vizuri. Shida ni mara ya tatu na ya nne. Ukishuka daraja la Nyali na matatu zinasimama ghafla mbele yako, ngoma inashika moto, lini, yaani bitana za shuu, zinapoteza mshiko, na joto halina pa kutokea. Mvua za Mei zikianza, maji yanaingia ndani na unavuta leva usipate kitu mpaka lini zikauke. Diski iko wazi kwenye upepo. Inapoa haraka, na maji inayatupa.

Tukaifungua. Kijana wangu wa kazi alinyoosha mkono kuchukua bomba la upepo apulize vumbi la ngoma, nikamshika. Lini za miaka ile nyingi zilikuwa na asbesto, na ukipuliza vumbi lile linaingia mapafuni likae humo. Tunalilowesha kwa maji na sabuni, tunafuta kwa kitambaa, kitambaa kinafungwa ndani ya mfuko. Kila kijana anayepita mikononi mwangu lazima ajue hili kabla hajajua kushika spana.

Saa nne. Hapo asubuhi yangu ikanasa. Alikuja mpwa wa yule mzee, yeye ndiye aliyeachiwa pesa za kazi, ameshika mfuko wa plastiki na simu iko sikioni.

"Fundi, mbona kazi yenda polepole? Mjomba aitaka kesho, Ijumaa aende nayo msikitini."

Nikamkaribisha akae. Hakukaa.

"Foku achana nazo. Wewe tia diski tu, tumalize. Foku hazina neno, hata hazivuji."

"Hazivuji kwa sababu mafuta yamekwisha ndani, mwanangu."

Nikamfungulia kizibo cha chini mbele ya macho yake. Yakatoka matone meusi yenye maji. Nikampa springi azishike, nikaziweka kando ya rula nikamwonyesha kipimo cha kitabu cha huduma: zote mbili zilikuwa zimefupika kupita kiwango. Nikamweleza neno ambalo ningependa kila mwenye pikipiki ya kale alishike. Breki na foku ni kazi moja. Ukibana breki, uzito wa pikipiki na wa mtu unakimbilia mbele, na foku ndizo zinazoupokea. Ukitia diski yenye nguvu juu ya springi zilizochoka, pua inazama mpaka chini, foku zinagota, tairi linaanza kurukaruka barabarani, na tairi linaloruka halishiki lami. Mzee atakuwa na breki nzuri na ataanguka nayo.

Akanyamaza kidogo, kisha akafungua mfuko. Ndani mna masta silinda mpya, inang'aa, na kopo la mafuta ya breki lililokwisha kutumika nusu. Ile ya zamani, akasema, ina mikwaruzo, itamtia mjomba aibu. Muuzaji wa dukani alimhakikishia kwamba masta zote ni moja.

Si moja. Nilichukua vernia, rula ya kupimia upana kwa usahihi, nikapima, nikachukua chaki nikaandika sakafuni. Pistoni ya kalipa yetu ni milimita 38. Masta iliyokuja na kalipa hiyo ni ya milimita 14. Ukilinganisha ukubwa wa nyuso zake, nguvu inayotoka kwenye leva inazidishwa mara 7.4. Masta yake mpya ni ya milimita 15.9, imetengenezwa kusukuma kalipa mbili, na kwa kalipa moja inazidisha mara 5.7 tu. Maana yake mzee atakaza vidole kwa karibu asilimia 30 zaidi ili apate kusimama kule kule. Leva itakuwa ngumu mkononi, na mtu wa dukani akiibonyeza atasifu kwamba breki ni imara, kumbe ugumu ule ni nguvu ya mkono inayopotea.

"Kwa hiyo nimetapeliwa?"

"Umeuziwa kitu kizuri cha pikipiki nyingine. Irudishe leo leo, kabla haijaguswa na mafuta."

Kopo la mafuta nalo nikamrudishia. DOT 4, aina ya mafuta ya breki tunayotumia, ikiwa mpya kabisa haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230. Ikishanyonya unyevu kiwango kinashuka hadi 155, na hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima. Kopo lililokaa wazi kabatini sitilii mtu breki, hata akinipa bure. Alibishana kuhusu kopo lile kuliko alivyobishana kuhusu masta. Alipoondoka ilikuwa karibu saa sita, na mimi sijakaza hata nati moja.

Saa saba, baada ya kuswali Adhuhuri, nilikwenda Shimanzi kwa fundi wa kukereza. Diski ilikuwa imekaa milimita tatu nje ya katikati ya kalipa, kwa hiyo busha moja ya ekseli (bomba fupi linaloweka gurudumu mahali pake) ilitaka kupunguzwa na ya upande wa pili kuongezwa kiasi hicho hicho. Kazi ya dakika ishirini. Stima ikapotea busha ikiwa bado imebanwa kwenye mashine. Tukakaa chini ya mabati na joto lile, tukala viazi karai, tukangoja. Nilikuwa na uwezo wa kuchukua pleti na kurundika washa (vipete bapa vya chuma), kama wengi wanavyofanya, lakini washa nyingi kwenye ekseli ya mbele zinalegea kila moja kwa kiasi chake. Stima ilirudi saa tisa kasoro. Busha zikatoka safi, za chuma, na nikampa fundi yule haki yake na shukrani.

Kurudi, tukaingia kwenye foku. Bomba tulizibingirisha juu ya kioo, zimenyooka. Moja ina vidoa vya kutu juu, kazi ya chumvi ya bahari, lakini ni mahali ambapo sili haifiki, ikapita. Kidoa kama hicho kingekuwa kwenye njia ya sili ningeikataa, maana hukata mpira na mafuta yanamwagikia diski. Sili mpya, springi mpya zenye mikunjo iliyosongamana upande mmoja ili zianze laini na kukaza zikishuka, mafuta mazito kidogo kuliko ya asili. Kwenye shingo ya fremu tukatoa golori za zamani, ambazo zilikuwa zimechimba vishimo kwenye vikombe vyake, tukatia beringi za rola. Usukani sasa unageuka bila kukwama katikati. Tukavuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele. Umenyooka.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Masta ya zamani ilipata pistoni na mipira mipya, ikasafishwa, paipu mpya ikafungwa kwa washa mpya za shaba, na tukaanza kutoa hewa. Hapa ndipo watu hawaoni kazi. Unasukuma leva, unashikilia, unafungua vali ya kalipa, unafunga, unaachia. Leva bado inabonyea kama sponji. Unarudia. Hewa hupenda kukaa juu, na paipu inapotoka kwenye masta ina kilima chake pale ambapo kiputo kinajificha, ukisukuma kinashuka kidogo, ukiachia kinapanda. Mgongo unauma, jasho linaingia machoni, na kila tone la mafuta linaloanguka lazima lioshwe kwa maji papo hapo kwa sababu linakula rangi, na rangi ile ni ya asili. Mwishowe tukachukua sirinji kubwa ya duka la dawa, tukasukuma mafuta kutoka chini kwenye kalipa kwenda juu, kufuata njia ambayo hewa yenyewe inataka kwenda. Viputo vikaanza kutokea kwenye masta. Kijana wangu alikuwa anavihesabu kwa sauti. Magharibi iliadhiniwa leva ikiwa imekaza.

Mpwa alipiga simu. Nikamwambia haitoki leo. Akapiga tena.

Baada ya Isha mzee alikuja mwenyewe kwa tuktuk. "Shikamoo mzee." "Marahaba, fundi. Nimesikia umegombana na mwanangu." Nikamwomba aketi juu ya Honda yake, miguu kwenye vikanyagio, kijana akiishikilia kwa nyuma. Nilikuwa nimefunga kamba nyembamba ya plastiki kwenye bomba la foku. Ilionyesha kwamba kwa uzito wake foku zinashuka milimita 35 kati ya 115 za mwendo wake wote, kiasi ninachokipenda kwa barabara. Akavuta leva, akaiachia, akavuta tena kwa vidole viwili.

"Nichukue?"

Nikamwambia hapana. Leva italala imefungwa kwenye usukani usiku kucha, nione kama kuna mahali panapovuja. Asubuhi nitaipeleka mwenyewe Kizingo, barabara ikiwa tupu, nipunguze mwendo kutoka hamsini hadi kumi, tena na tena bila kusimama, mpaka pedi zizoeane na diski. Kisha nirudi nipitishe spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwenye kila bolti ya mbele. Aje saa nne. Akakubali, akanilipa nusu, na nusu tukaiacha mpaka aiendeshe.